Isale la Karatasi

Mpwapwa,
4 Mei 2003

Mpendwa Aminiel,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na kwa kuwa najua hasa uko wapi, sitauliza. Mimi ni mzima. Mvua zimekatika mapema na mahindi ya huku yamesimama kama watu waliosahau walichotaka kusema. Wasichana wa bweni ninaowapikia wanakula vizuri. Mmoja ameunguza sufuria kubwa ya uji hadi ikatoboka, sasa tunapika kwa zamu.

Barua hii nimeifunga ndani ya ile ya binamu yako Thomasi ili akupe mkononi. Tangu tumzike baba yako mwezi wa Machi sijapata hata mstari kutoka kwako. Nikasema labda kijana amesahau kuandika. Thomasi akaniambia la, anaandika kuanzia asubuhi mpaka wanapofunga ile intaneti kafe, vidole vinakimbia kama vya fundi cherehani wiki ya Krismasi. Ndipo nikaelewa kwamba kuandika unajua, ila sisi hatumo katika watu unaowaandikia.

Siku ya mazishi tulikungoja. Mchungaji aliangalia saa, akaimbisha wimbo mwingine, akaangalia tena. Thomasi alikutafuta Kijenge, akakutafuta Sekei, akarudi peke yake. Mwishowe ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, mahali pako. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vikawa vinamtoka kila hatua. Nyimbo nimezisahau, viatu nakumbuka. Kesho yake ulionekana getini, ukaona turubai limeshushwa, ukageuka ukarudi mjini.

Kaka yangu Elihuruma alikuwa akienda kanisani anavua viatu kabla ya kuvuka mfereji, anavibeba kifuani kama mtu aliyebeba mayai, halafu anakaa kwenye jiwe ng'ambo, ananawa miguu na kuvivaa. Mtu wa namna hiyo hakustahili kungojeshwa na mwanawe kama abiria wa gari bovu.

Sikugombezi. Umri wako umepita wa kugombezwa. Nauliza tu, hiyo mashine ina nini?

Shangazi yako,
Ndeshi


Arusha,
2 Juni 2003

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Sisi hapa nyumbani Tengeru sote hatujambo. Mama yuko pembeni yangu ninapoandika, anakusalimu sana, anasema kifua chake kimepoa. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Migomba imebeba vizuri.

Barua yako niliipata. Shangazi, nakuheshimu, lakini jambo usilolijua ni afadhali kuliacha. Ile siyo mashine ya mchezo. Ile ni dunia. Barua yako imetembea wiki nne kuja kuniambia mahindi yamesimama. Mimi namwandikia mtu aliye Kanada, ananijibu kabla sijameza mate. Ninyi mlikulia kwenye foleni, ya sukari, ya sabuni, ya kanga, mkazoea kungoja hadi mkadhani kungoja ni tabia njema. Siku hizi ni za ruksa. Baba alingoja. Kiwanda kilipouzwa walimpunguza kazini, wakamwambia angoje mafao, akangoja, akaishia kumwagilia miche ya nyanya kwenye kitalu cha watu. Mimi nilimaliza kidato cha sita nikaambiwa ningoje chuo. Bado nangoja. Tofauti ni kwamba nimechagua mahali pa kungojea.

Kuhusu mazishi, simu yangu ilikuwa imezima. Ni hivyo tu. Watu wa ukoo hupenda kukumbuka nani alisimama wapi, maana hawana kingine cha kukumbuka.

Mama anasema ukija Desemba utanipeleka kaburini kama ilivyo desturi. Kwangu ni sawa, ingawa mimi binafsi mambo hayo siyaamini sana.

Mwanao,
Aminiel

Ukijibu, tumia sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha. Ni la ofisini kwa rafiki yangu.


Mpwapwa,
29 Juni 2003

Aminiel,

Nimeamka salama. Upepo wa huku umeanza, kila ninachopika kina mchanga, na wasichana wanasema ni viungo.

Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Ni ajabu kubwa, maana ng'ombe huyo tulimla msibani. Mimi mwenyewe nilipewa mbavu, zilikuwa ngumu. Kama kweli amezaa, mwite mchungaji.

Na mama yako aliyekuwa pembeni yako ukiandika, siku hiyo alikuwa amelazwa Moshi kwa kifua hicho hicho unachosema kimepoa. Thomasi ndiye aliyempeleka, akamshika mkono kupanda ngazi. Sasa ametoka, ameniandikia mwenyewe, herufi zinapanda na kushuka. Anasema tangu Machi hujalala nyumbani hata siku moja, na kwamba watu wakimuuliza huwajibu uko masomoni.

Nimeshazoea waongo. Ninaishi na wasichana mia mbili. Lakini mwongo mwenye akili huuliza kwanza ndipo adanganye. Wewe ulipata muda wa kumwekea ndama doa kwenye paji la uso, ukakosa muda wa kujua kama mama yako yuko hai. Doa hilo ndilo limeniudhi kuliko yote. Ungesema tu amezaa.

Ni kweli tulikulia kwenye foleni. Lakini kwenye foleni ya sukari nilimjua aliye mbele yangu na aliye nyuma yangu, na mmoja wao akifiwa tulikwenda wote tukarudi. Umezaliwa chini ya mlima ambao watu wanapanda ndege kuja kuutazama, na wewe umekodi kiti ili utazame ukuta. Halafu unatuhurumia sisi.

Desemba nitakuja kumsalimia wifi yangu Hanna. Wewe sina safari nawe. Unajua ilivyo kwetu. Asiyemzika mzazi wake haendi kaburini kivyake, anapelekwa na dada wa marehemu. Baba yako alikuwa na dada mmoja, ni mimi, na miguu ni yangu. Nisipokupeleka, mwisho wako ni getini, hata baada ya mimi kufa. Na kwa kuwa mambo hayo huyaamini, nadhani hutaumia.

Ndeshi


Arusha,
30 Agosti 2003

Shangazi,

Shikamoo.

Sitakupa habari za nyumbani kwa sababu sina. Thomasi alipita Jumatano, akasema mama anatembea mpaka kwa jirani. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo.

Nalala hapa hapa kafe. Mwenyewe ananiruhusu, nami nalinda na kufagia. Nimeanza barua hii mara nyingi. Unaniuliza mashine ina nini. Shangazi, haina kitu. Nikiwa mbele yake kichwa kinanyamaza, ndiyo faida yake yote. Nikiinuka, kichwa kinakuwa kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili. Moyo unakimbia nikiwa nimekaa. Nikila, chakula kinasimama kifuani. Nilikwenda zahanati, daktari akanipima malaria, akasema sina, akanipa dawa ya malaria.

Huwa nasema nitaondoka saa kumi. Nikiangalia tena, kijana wa zamu anapanga viti juu ya meza. Hata siku ile ya mazishi nilisema nitaondoka baada ya kidogo. Nilijua baba yuko hospitali. Sikujua kwamba ameshakufa, lakini hospitali nilijua.

Usinicheke kwa hiki kilichomo ndani. Najua kwetu mtu akiletewa jani la isale na aliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa msamaha. Jani la kweli lingenyauka njiani kabla ya kufika Mpwapwa, barua zenu zinavyokwenda. Kwa hiyo nimekutafutia zuri nikalichapisha kwa rangi. Naomba unipeleke kwa baba.

Aminiel


Mpwapwa,
21 Septemba 2003

Aminiel,

Tumepata mvua ya siku moja, ya ajabu, ikafukuza nzi wote. Salamu nyingine utazipata mwishoni kama nitakuwa bado nina moyo wa kusalimu.

Bahasha yako niliifungua kwa kisu cha vitunguu. Nikatoa karatasi nene lenye picha ya isale, wino umeisha kabla ya kufika mwisho hivyo ncha ya jani ni ya waridi, na chini yake kuna maneno madogo ya Kizungu ambayo nadhani ni jina la duka la maua. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa sijawahi kuona upumbavu wenye rangi nzuri hivyo.

Isale hukatwa uani. Hushikwa mkononi, likapelekwa kwa miguu, na mwenye kosa akasimama mbele ya mwenzake na aibu yake usoni. Ua wa mama yako ni masale matupu kutoka getini hadi mferejini. Aliyeyapanda ni baba yako, na nakumbuka alivyokuwa akiyapanda, ananung'unika kwamba yamepinda huku yeye mwenyewe ndiye aliyepindisha kamba. Wewe ukayakwepa yote hayo, ukaenda kutafuta isale Ulaya.

Nikachukua karatasi hilo mpaka dukani kwa Evaresta. Ni Mrombo, ndiye mtu pekee wa kutoka mlimani niliye naye hapa, anauza chumvi na mafuta ya taa. Nilitaka tucheke pamoja, na kweli tulicheka.

"Huyu mtoto wa nani?" akaniuliza.

"Wa kaka yangu."

"Akikutumia picha ya mbuzi utachinja?"

"Nitachinja na kuchoma, moshi nitachora mwenyewe."

Evaresta alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akafuta macho akaniuliza, "Dada Ndeshi, ulipojua ni isale, ulilitupa?"

"Sikulitupa. Si unaliona."

"Ulilishika kwa mkono mmoja au miwili?"

Nikamwambia miwili, maana karatasi lilikuwa limejikunja, nililinyoosha.

"Basi umelipokea," akasema. "Mimi situngi. Umelipokea, umelibeba njia nzima, umeingia nalo kwangu."

"Lakini ni picha, Evaresta."

"Na yeye ni kivuli, kwa unavyonisimulia. Kivuli kimeleta kivuli. Sasa unataka nini, kilo moja au nusu?"

Nimekasirika mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuletewa takataka, mara ya pili kwa takataka hiyo kunishika. Bibi yako alinifundisha kwamba isale halichaguliwi, na sitaki kukutana naye huko aendako mtu na kumweleza habari za wino wa rangi.

Basi sikiliza. Nitashuka Tengeru Jumamosi, tarehe 20 Desemba, siku ya gulio. Uwe hapo barabarani, na isale la kweli mkononi, ulilokata mwenyewe. Usije na karatasi. Ukiliona geti ukatetemeka, tetemeka, lakini ukate.

Kuhusu moyo kukimbia na chakula kusimama kifuani, sikudharau kwa hayo. Mimi mwenyewe tangu Machi nimeweka chumvi mara mbili katika mboga, na wasichana wamekula kimya. Nenda ukapimwe tena, kwa daktari mwingine, umwambie umefiwa. Huyo wa kwanza najua hukumwambia.

Wasalimie unaowaona.

Ndeshi


Arusha,
15 Novemba 2003

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia.

Nitakuwepo tarehe 20. Nimekwenda kwa daktari mwingine, nikamwambia. Aliweka kalamu chini, tukaongea. Amesema mwili hauna ugonjwa, ni msongo, na kwamba mimi na ile kafe ni kama mtu anayekunywa pombe ili asisikie maumivu ya jino. Ameniambia nirudi kwake kila baada ya wiki mbili. Nimerudi mara moja.

Siku hizi naondoka saa kumi. Si kila siku.

Mama sijakwenda kumwona. Nilifika mpaka darajani.

Aminiel


Mpwapwa,
11 Januari 2004

Aminiel,

Nimefika salama. Basi liliharibika Babati, tukakaa chini ya jua mpaka abiria wakaanza kuambiana siri zao. Wasichana wamefungua shule, na nimekuta paka amezalia ndani ya gunia la maharage. Hawa wamezaliwa kweli, nimewaona.

Ya kaburini hayahitaji kuandikwa, sote tulikuwepo. Ulisimama na jani lako, wifi Hanna akakushika kiwiko. Hiyo imekwisha. Niliyokuletea safari hii ni yale usiyoyajua.

Nilishuka Tengeru saa nne. Hukuwepo. Nilikaa na mkoba wangu kati ya wauza karoti na wauza mitumba, kila mrefu aliyepita nikadhani ni wewe. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia aliyepotea si mimi. Nilipochoka nikapanda gari la kwenda mjini, na njia nzima nikawa nachagua maneno. Nilikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa mabaya.

Kijana wa mlangoni pale kafe aliniuliza, "Mama, unataka kufungua barua pepe?" Nikamwambia nataka kukaa. Akaniweka kwenye kiti kilicho karibu na chako. Wewe hukugeuka. Unadhani ulipogeuka ndipo nilipofika. Hapana. Nilikuwa nimekaa hapo muda mrefu, bega langu karibu liguse lako, nasoma.

Nilidhani mnaandikiana Kizungu. Kumbe ni Kiswahili kitupu, Watanzania walio nje. Wanakuita Dokta. Hilo nilikaribia kulicheka. Kisha mmoja anayejiita Mama Wawili, nadhani yuko Uswidi, akakuuliza mzee hajambo. Nawe ukaandika kwamba hajambo sana, yuko kitaluni anamwagilia miche, na asubuhi amekugombeza kwa kuchelewa kuamka. Akaandika umsalimie. Ukaandika salamu zimefika, anacheka. Na wewe ulikuwa unacheka, Aminiel. Nilikuona kwa pembeni. Tangu ukiwa mdogo ukicheka unainua bega moja.

Nilikuwa nimeibeba dharau kutoka Mpwapwa, nzito, imejaa. Ghafla sikuwa na pa kuimwaga. Nikaiweka mapajani pamoja na mkoba, nikangoja ugeuke. Ulipogeuka ukasema shikamoo, nikakwambia sijaja kuamkiwa, inuka. Hayo ya kukata jani jioni ile mbele ya mama yako, unayajua.

Sasa usidhani imekwisha. Bado nakudharau kidogo, na nitakwambia kwa lipi. Kaka yangu alifanya kazi kiwandani mpaka wakamfukuza, akafanya kitaluni mpaka mgongo ukapinda. Alikufa akiwa amechoka. Mimi ndiye niliyemvisha soksi za kuzikwa nazo, najua miguu yake ilivyokuwa. Na wewe umemfufua ukamrudisha kazini. Tangu Machi anamwagilia miche kila siku bila Jumapili, kwa ajili ya watu wasiomjua, ili wewe upate wa kukugombeza. Mwache mwenzio apumzike.

Waambie. Hao hao, hapo hapo, kwa vidole hivyo hivyo. Mimi sikukatazi kurudi pale mara moja kwa kazi hiyo. Ukishawaambia, niandikie. Usiponiandikia nitajua.

Nakusalimu, na ninamaanisha.

Shangazi Ndeshi


Tengeru,
8 Februari 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimelala nyumbani wiki ya tatu sasa, isipokuwa siku mbili ambazo mama anazijua. Usiku usingizi unakuja kwa shida. Mama anakohoa upande wa pili wa ukuta, nami nakohoa kumjibu, ili ajue nipo. Daktari nimemwona tena.

Nimewaambia. Ilinichukua siku nne, nilikuwa nakwenda, nakaa, narudi. Siku ya nne nikaandika kwamba mimi si daktari, sijaingia hata chuo, na baba yangu alifariki Machi mwaka jana. Nikabonyeza kabla sijasoma upya.

Mmoja akauliza kama ni utani. Mwingine akanitukana, akasema alikuwa akiniombea mitihani. Wawili wakaondoka kimya, majina yao yakafutika. Nilitaka nami nifutike. Mama Wawili akaandika pole, halafu akaandika, amezikwa wapi?

Shangazi, angeniuliza hivyo kabla ya Desemba ningezima mashine, maana nilikuwa sijui. Sasa nilijua. Nikamwandikia kwamba ni Tengeru, upande wa juu wa mfereji, kichwa kimeelekea mlimani. Nikamwambia kwamba mvua za vuli zimedidimiza udongo upande wa miguuni, na Jumamosi nitabeba mwingine kujaza.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nimejaza.

Mwanao,
Aminiel